Ruta ya nyumbani yenye IP ya kudumu haileti intaneti: itafute hitilafu hatua kwa hatua

Wi-Fi inashika, mistari imejaa, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Ujumbe wa namna hiyo naupokea mara kwa mara, na nikiuliza "Umeshafanya nini?", jibu ni lile lile: "Nimeiriseti ruta."

Mwenye laini ya kawaida akiriseti, yaani akiirudisha ruta ilivyotoka kiwandani, hana hasara kubwa. Ruta ikiwaka inaomba anwani kwa mtoa huduma, inapewa, kazi inaendelea. Mwenye IP ya kudumu, yaani anwani ya intaneti isiyobadilika, akiriseti amefuta namba zote alizoingiza fundi siku ya kwanza, na ruta haina pa kuziomba tena. Alikuwa na tatizo moja, sasa anayo mawili, na la pili linalifunika la kwanza.

Basi kabla ya yote: ile pini uliyokwisha kuinyoosha kwa ajili ya kale katundu ka nyuma, iweke mezani. Kuzima na kuwasha rukhsa. Kuriseti, hapana.

## Tuelewane kwanza: IP ya kudumu ipi?

Vitu viwili vinaitwa jina hilo, na wengi wanaokwama wamevichanganya.

Cha kwanza ni IP ya kudumu ya nje. Hii umeilipia kwa mtoa huduma, labda kwa ajili ya kamera za ulinzi, VPN ya ofisi au seva ndogo uliyonayo nyumbani. Inakaa upande wa WAN wa ruta, yaani ule unaotazama intaneti.

Cha pili ni IP ya kudumu ya ndani. Hii umeiandika wewe mwenyewe kwenye laptopu, printa au DVR (kinasa picha) ya kamera. Mara nyingi huanza na 192.168, wakati mwingine na 10, au na 172.16 hadi 172.31. Nje ya kuta za nyumba yako haijulikani na mtu.

Mwongozo huu unashughulika zaidi na ya kwanza. Ya pili nitaifikia kwenye hatua ya 7. Kama una uhakika kwamba hukuwahi kulipia IP, na kifaa kimoja tu ndicho kinachogoma huku vingine vinaperuzi vizuri, ruka moja kwa moja hadi huko.

## Uwe na nini mkononi

- Kompyuta yenye tundu la waya wa mtandao. Kama haina, azima adapta ya USB.
- Waya wa mtandao ambao umeshauona ukifanya kazi kwingine. Waya mbovu ni mwongo, utakuzungusha siku nzima.
- Simu yenye bando lake, mbali na Wi-Fi ya nyumbani.
- Nywila ya kuingilia kwenye ukurasa wa ruta. Hii si nywila ya Wi-Fi.
- Namba za IP kutoka kwa mtoa huduma, zikiwa kwenye barua pepe au ujumbe, siyo kichwani.
- Karatasi na kalamu. Kila utakachobadilisha, andika kilivyokuwa kabla ya kukigusa.

Kama namba za mtoa huduma huna, zitafute kwanza. Bila hizo hakuna utakachorekebisha, utabahatisha tu.

## Hatua ya 1: Soma taa na kagua umeme

Anza na kisanduku cha faiba, kile ambacho mafundi hukiita ONT. Taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu au ikipepesa, mwanga haufiki nyumbani kwako. Hapo tatizo si ruta wala namba. Pengine waya mwembamba wa faiba umekunjwa nyuma ya kabati, au umekatika huko nje. Usiuchomoe wala usichungulie ncha yake. Mwanga wa leza ndani yake hauonekani kwa macho na unaweza kuyadhuru. Piga simu kwa mtoa huduma.

Kama LOS haiwaki, tazama ruta. Waya unaotoka kwenye ONT uwe umeingia kwenye tundu la WAN, ambalo mara nyingi lina rangi tofauti na matundu mengine. Nimeshaitwa mahali ambapo aliyefanya usafi aliurudisha kwenye tundu la LAN, lile la vifaa vya ndani, na familia ilikuwa imekaa siku mbili bila mtandao.

Kama ruta inawaka halafu inajizima na kuwaka tena, hasa watu wengi wakiitumia, soma kibandiko cha adapta yake. Volti ziwe zile zile zinazotakiwa na ruta. Ampea ziwe sawa au zaidi. Adapta ya volti 9 kwenye ruta ya volti 12 inaweza kuiwasha na bado ikawa ndiyo chanzo cha mateso yako. Na baada ya radi za masika, tundu la WAN linaweza kuungua peke yake huku ruta nzima ikionekana nzima.

Umefaulu ukiona: LOS imezimika, taa ya WAN inawaka, na ruta imekaa dakika kumi bila kujizima.

## Hatua ya 2: Achana na Wi-Fi kwa muda

Unganisha kompyuta na ruta kwa waya, tundu la LAN, kisha zima Wi-Fi ya kompyuta. Sababu ni kwamba Wi-Fi ina matatizo yake, na ukipima vitu viwili kwa pamoja hutajua kipi kimekuangusha.

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `cmd`, kisha kwenye dirisha jeusi andika:

`ipconfig`

Tazama mstari wa "IPv4 Address" na ule wa "Default Gateway", yaani anwani ya ruta. Ukiona 192.168 na kitu, kompyuta imepewa anwani na ruta. Ukiona 169.254, kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipachika ya kwake. Kagua waya, kisha kagua kama DHCP ya ruta, ile huduma inayogawa anwani, imewashwa.

Sasa ipigie ruta ping, yaani iite uone kama inajibu. Kama "Default Gateway" ni 192.168.1.1, andika:

`ping 192.168.1.1`

Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Windows inaweza kukuandikia "Reply from 192.168.1.20: Destination host unreachable" na mwishoni ikasema hakuna kilichopotea. Mtu anaona neno "Reply" anafurahi. Soma namba iliyojibu: ni ya kompyuta yako mwenyewe, inakwambia kwamba haijamwona uliyemtafuta. Jibu halali linatoka kwa namba ile ile uliyoipigia, na lina muda wake mbele.

Umefaulu ukiona: majibu manne kutoka kwa ruta, kila moja chini ya milisekunde chache.

## Hatua ya 3: Ingia kwenye ruta, tazama upande wa WAN

Andika anwani ya ruta kwenye kivinjari, ingia, utafute ukurasa wa WAN au "Internet". Usibadilishe kitu bado. Piga picha ya skrini kwanza.

Angalia aina ya muunganisho iliyochaguliwa. Kwa kawaida kuna "Dynamic IP", "Static IP" na "PPPoE". Ukikuta "Dynamic IP" na umelipia IP ya kudumu, huenda ruta iliriseti, au mtu aliiriseti akanyamaza. Lakini ngoja kidogo kabla ya kubadilisha, kwa sababu watoa huduma wana njia zaidi ya moja ya kukupa hiyo IP:

Wapo wanaotaka uiandike kwenye ruta yako. Wapo wanaoiandika wao ndani ya ONT, na ruta yako nyuma yake inatakiwa ibaki "Dynamic IP" na ipate 192.168 kama kifaa kingine chochote. Na wapo wanaokupa jina na nywila za PPPoE, kisha IP ile ile inakuja kila ukiingia.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mtoa huduma ni hili hasa: "IP yangu inaandikwa kwenye ruta yangu, kwenye ONT yenu, au inakuja kwa PPPoE?" Ukiuliza tu "mbona hakuna mtandao", utaambiwa uzime uwashe.

Kama WAN inaonyesha anwani inayoanza na 100.64 hadi 100.127, hiyo si IP yako uliyoilipia. Hilo ni fungu wanalotumia watoa huduma kugawia wateja wengi nyuma ya anwani moja. Intaneti itafanya kazi vizuri tu, lakini kamera zako hutazifikia kutoka nje kwa kuipigia anwani hiyo moja kwa moja.

## Hatua ya 4: Kagua namba nne, tarakimu kwa tarakimu

Hapa ndipo makosa mengi yanapolala, kwa hiyo tusikimbie.

Kwa IP inayoandikwa kwenye ruta, unahitaji namba nne: anwani yenyewe, sabneti maski (inayoonyesha ukubwa wa kundi la anwani), lango (anwani ya mtoa huduma unayopitia kutoka nje), na DNS (seva zinazogeuza majina kama google.com kuwa namba). Tuseme umepewa hizi:

- Anwani: 203.0.113.10
- Sabneti maski: 255.255.255.252
- Lango: 203.0.113.9
- DNS: walizokupa, au 8.8.8.8 na 1.1.1.1

Usizinakili. Fungu la 203.0.113 limetengwa kwa mifano ya kufundishia na halifanyi kazi popote.

Maski ya 255.255.255.252 inamaanisha kundi la anwani nne, na zinazotumika ni mbili za katikati: moja ya mtoa huduma, moja yako. Makundi yanaanzia kwenye namba zinazogawanyika kwa 4. Anwani inayoishia na 10 iko kwenye kundi la 8, 9, 10, 11. Ondoa ya kwanza na ya mwisho, zinabaki 9 na 10. Wewe ni 10, basi lango lazima liwe 9. Maski ikiwa 255.255.255.248, kundi ni la anwani nane na linaanzia kwenye namba inayogawanyika kwa 8. Zinazotumika ni sita.

Hesabu hii ya darasa la nne ingeniokolea Jumamosi nzima. Shemeji yangu alikuwa na karatasi ya fundi iliyoandikwa kwa mkono. Anwani iliishia na 78, maski 252, lango nikalisoma 71. Ruta ikakataa kuhifadhi, ikasema lango haliko kwenye mtandao mmoja na anwani. Mimi kwa ujuaji wangu nikabadilisha maski kuwa 255.255.255.0, kwa sababu ndiyo niliyozoea kuiona. Ruta ikakubali. Nikashangilia. Intaneti haikuja ng'o. Saa tatu usiku ndipo nilipoisogeza karatasi kwenye taa: kundi la 78 ni 76, 77, 78, 79, kwa hiyo lango haliwezi kuwa 71. Ilikuwa 77, saba ya pili imeandikwa bila mkato. Ruta ilikuwa inanionya, nami nikaifunga mdomo.

Kwa hiyo ruta ikikataa namba, usiibembeleze kwa kubadilisha maski. Rudi kwenye chanzo, usome upya. Namba nakili kutoka kwenye barua pepe, na kama zilikuja kwa mkono, mwombe mtoa huduma akutumie kwa ujumbe.

Tahadhari nyingine: hakikisha uko kwenye ukurasa wa WAN, siyo LAN. Ukiandika IP ya nje kwenye LAN, ruta itabadilisha anwani yake ya ndani na ukurasa utapotea machoni pako. Ikikutokea, chomoa waya wa kompyuta, uchomeke tena, kisha andika hiyo IP ya nje kwenye kivinjari. Mara nyingi ukurasa hufunguka, ukairudisha LAN kama ilivyokuwa.

Umefaulu ukiona: ruta imehifadhi bila kulalamika, na ukurasa wa hali unaonyesha anwani yako upande wa WAN.

## Hatua ya 5: Piga ping tatu kwa mpangilio

Ruta nyingi zina ukurasa wa "Diagnostics" wenye ping. Kama yako haina, tumia kompyuta.

Piga kwanza lango la mtoa huduma. Lisipojibu, usihukumu haraka, maana baadhi ya watoa huduma huyazuia malango yao kujibu ping. Endelea.

Piga 8.8.8.8. Ikijibu, intaneti ipo, na kama kurasa hazifunguki tatizo ni DNS. Thibitisha kwa kupiga `google.com`: ukiambiwa jina halikupatikana ilhali 8.8.8.8 inajibu, sahihisha DNS kwenye ukurasa wa WAN na umemaliza.

Lango likijibu lakini 8.8.8.8 ikanyamaza, njia imekatikia kwa mtoa huduma. Kabla hujamgombeza, kagua kama malipo ya mwezi yameingia. Laini iliyofungiwa kwa malipo inaweza kuendelea kuonyesha taa za kijani kama kawaida.

Vyote viwili vikinyamaza, nenda hatua ya 6.

## Hatua ya 6: Iweke ruta pembeni

Hiki ndicho kipimo kinachomaliza ubishi kati yako na mtoa huduma. Kinafaa pale tu IP inapoandikwa kwenye ruta yako.

Chomoa waya wa ONT kwenye ruta, uuchomeke kwenye laptopu. Bonyeza Windows na R, andika `ncpa.cpl`, fungua sifa za kadi ya waya, chagua "Internet Protocol Version 4", na uandike zile namba nne humo. Kisha piga 8.8.8.8.

Hakikisha faiawoli ya Windows imewashwa, kwa sababu kwa dakika hizo laptopu iko uwanjani bila ruta ya kuikinga. Ukimaliza, rudisha "Obtain an IP address automatically". Usiposahau hilo, utakuwa umewazidi wengi. Kesho yake laptopu haishiki mtandao wa ofisini na mtu anadhani imeingiwa na virusi.

Laptopu ikipata intaneti, namba ni sahihi, laini ni nzima, na mwenye makosa ni ruta au tundu lake la WAN. Laptopu ikikosa, bado kuna jambo moja la kuangalia kabla ya kumlaumu mtoa huduma, nalo ni anwani ya MAC.

Kila kifaa kina MAC yake, namba ya utambulisho kinayotoka nayo kiwandani, na baadhi ya watoa huduma wanaifunga IP yako kwa MAC ya kifaa cha kwanza. Wengine hawaifungi, ila mitambo yao huikumbuka kwa muda. Ndiyo maana ruta mpya, yenye namba zote sahihi, inaweza kukaa kimya. Zima ONT na ruta, subiri dakika kumi na tano, washa ONT kwanza, ikitulia ndipo uwashe ruta. Isiposaidia, nenda kwenye kipengele cha "MAC Clone" cha ruta mpya uandike MAC ya ile ya zamani, ambayo iko kwenye kibandiko chini yake. Au mwombe mtoa huduma aifungue.

## Hatua ya 7: Kifaa kimoja tu kinagoma

Hapa tunazungumzia IP ya kudumu ya ndani.

Kisa cha kawaida: laptopu iliwekewa 192.168.1.20 ofisini, nyumbani ruta ni 192.168.0.1. Wi-Fi inashika, intaneti haipo, kwa sababu wawili hawa hawako mtaa mmoja. Irudishe kwenye kupokea anwani yenyewe. Kwenye simu ya Android, fungua maelezo ya mtandao husika, utafute mipangilio ya IP, uchague DHCP.

Kisa cha pili kinakuja na kuondoka, ndiyo maana kinachosha. Printa umeipa 192.168.1.105, na ruta inagawa kuanzia 100 hadi 199. Siku mgeni akija na simu yake, ruta inaweza kuipa 105 hiyo hiyo, na vifaa viwili vinaanza kugombania namba. Dawa ni kuipa printa namba iliyo nje ya fungu la DHCP, tuseme 192.168.1.20. Njia ninayoipenda mimi ni kuiacha printa ipokee anwani yenyewe, kisha uihifadhie namba ndani ya ruta kwa MAC yake. Namba zote zinakaa sehemu moja, na ukibadilisha ruta unajua cha kuandika upya.

Kisa cha tatu ni cha ONT na ruta zenye 192.168.1.1 zote mbili. Ruta inapoona namba ile ile mbele na nyuma, haijui njia ipi ni ipi. Badilisha LAN ya ruta yako iwe 192.168.50.1.

## Hatua ya 8: Rudi kwenye Wi-Fi

Kama waya unaleta intaneti na Wi-Fi haileti, namba za IP hazihusiki tena. Waache watu wa mbali watumie 2.4 GHz, inapenya kuta vizuri zaidi. Walio karibu watumie 5 GHz. Kwenye 2.4 GHz chagua chaneli 1, 6 au 11, kwa kuwa hizo haziingiliani. Na itoe ruta nyuma ya televisheni.

## Hatua ya 9: Kamera hazionekani kutoka nje

Intaneti ipo ndani, ila ukiwa safarini DVR haifunguki. Hakikisha DVR ina IP ya ndani isiyobadilika, na kwamba kanuni ya "Port Forwarding", ile inayoiambia ruta impeleke wapi anayebisha kutoka nje, inaelekea kwenye IP hiyo hiyo. DVR ikihama kutoka 192.168.1.30 kwenda 31, kanuni inabaki inagonga nyumba isiyo na mtu.

Jaribu kwa bando la simu, Wi-Fi ikiwa imezimwa. Ruta nyingi haziruhusu aliye ndani kutoka na kurudi kupitia IP ya nje, kwa hiyo ukipima ukiwa sebuleni utaona imeshindwa kumbe inafanya kazi.

Na badilisha nywila iliyokuja na DVR kabla ya kufungua poti yoyote. IP ya kudumu haihami, na mashine zinazopekua intaneti usiku na mchana zitaifikia tu. Ukurasa wa kuingilia ruta usiufungulie nje kabisa.

## Ukimpigia mtoa huduma

Mpe haya kwa mpigo mmoja: IP yako, hali ya taa ya LOS, jibu la ping ya lango, jibu la ping ya 8.8.8.8, na kilichotokea ulipounganisha laptopu moja kwa moja. Mhudumu wa simu akisikia hivyo, aghalabu anakupitisha kwa fundi bila kukurudisha kwenye zima-washa.

Mtandao ukirudi, ingia kwenye ruta, tafuta "Backup", uhifadhi faili la mipangilio kwenye kompyuta na nakala kwenye barua pepe yako. Kisha chapa zile namba nne kwenye karatasi na uibandike kwa selotepu chini ya ruta, pembeni ya kibandiko cha MAC. Ukiziandika kwa mkono, saba uipige mkato.